Mafuta yanapanda, hesabu iko palepale: kisa cha dereva mmoja wa teksi mtandao Dar, 2022 hadi 2023

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya dereva mwenyewe na ya mwenye gari. Majina, mtaa, namba ya gari na vitu vingine vya kuwatambulisha nimevitoa. Hela za dereva nimezizungusha kidogo ili hesabu isomeke, ila uwiano ni uleule uliokuwa kwenye daftari lake. Nimelishika hilo daftari kwa sababu nilikuwa katibu wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) cha kijiwe chao, na mikopo ya wanachama ilikuwa inapita kwangu.

Mazingira

Dereva ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, amepanga upande wa barabara ya Bagamoyo. Gari ni Toyota IST ya cc 1,300, mali ya mama mmoja mstaafu aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake akijazia na mkopo. Makubaliano yao yalikuwa yale ya kawaida ya Dar: dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya laki moja na nusu kwa wiki, mafuta juu ya dereva, sevisi kubwa na bima juu ya tajiri, pancha na kuosha gari juu ya dereva. Hakuna karatasi, ni maneno tu na kuaminiana.

Anafanya kazi siku sita. Mwanzoni mwa 2022 petroli Dar ilikuwa inacheza kwenye 2,500 kwa lita. Kwa siku alikuwa anatembea kama kilomita 150, na IST kwenye foleni zetu inampa kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo lita kumi na mbili na nusu, sawa na elfu 31 na kitu. Abiria wanampa kama elfu 95, apu, yaani programu za simu za kuitia teksi, zinakata kama elfu 18 (sio kila kichwa, yaani safari ya abiria, kilipitia kwenye apu), hesabu ni elfu 25 kwa siku, na elfu tano inaenda kwenye bando, chakula na kuosha gari. Anabaki na elfu 15 hadi 16 ya kupeleka nyumbani. Kodi ya nyumba, ada na chakula cha familia vyote vinatoka humo.

Hapa kuna kitu nataka msomaji akishike maana kisa chote kimekaa juu yake. Katika mpangilio huu hesabu haitikisiki. Siku ikiwa nzuri tajiri anapata elfu 25, siku ikiwa mbaya anapata elfu 25. Apu nazo zinakata kwenye mauzo bila kujua lita imeuzwa shilingi ngapi. Kwa hiyo mafuta yakipanda hata kwa shilingi mia, mia yote inatoka kwenye kile kielfu 15 cha mwisho.

Bei ilivyopanda

Urusi iliingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022 na mwezi Machi pipa la mafuta ghafi duniani likapita dola 120. Kwetu maumivu hayakuja siku ileile, kwa sababu mafuta yananunuliwa kwa pamoja, yanakuja na meli, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa kuangalia mizigo iliyokwishaagizwa. Kwa hiyo kinachotokea duniani leo sheli za Dar tunakiona baadaye, kikipanda na kikishuka pia. Madereva wengi walikuwa wanakasirika Agosti wakisikia redioni mafuta yameshuka duniani huku wao wanajaza kwa bei ya juu kuliko zote, na sababu ndo hiyo.

Aprili petroli Dar ikawa 2,861. Mei ikawa 3,148. Serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 na Juni ikashuka kidogo hadi 2,994, watu wakapumua. Julai 3,220. Agosti 3,410. Septemba ikarudi chini ya 3,000.

Katikati ya hayo kulikuwa na mambo mengine mawili. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, walishusha kikomo cha makato ya kampuni za teksi mtandao hadi asilimia 15, jambo ambalo madereva walilipigania sana, na Uber wakasitisha huduma zao nchini Aprili 2022. Kwa dereva wetu maana yake ni kwamba makato yalipungua lakini na rikwesti (maombi ya safari kwenye apu) zikapungua, maana apu aliyokuwa anaitegemea kwa vichwa virefu vya uwanja wa ndege na mahotelini ilizimika. Daladala zenyewe zilipandishiwa nauli Mei hiyohiyo, safari fupi kutoka 400 hadi 500. Dereva wetu nauli yake anaipanga mwenye apu.

Mei daftari lilikuwa linasoma hivi: abiria elfu 85, apu elfu 11, mafuta elfu 39 na ushee, hesabu elfu 25, matumizi elfu tano. Anabaki na elfu nne na mia sita hivi. Kutoka elfu 15.

Alichofanya kwanza

Cha kwanza alichofanya ni kile ambacho karibu kila dereva anakifanya, aliongeza masaa. Alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa tano usiku, akawa anatoka saa kumi na kurudi saa saba. Kilomita zikapanda hadi kama 190 kwa siku. Abiria wakapanda hadi elfu 98 na akaona anafanya vizuri, maana mkononi hela ilikuwa inaonekana nyingi. Ila kilomita 190 ni lita karibu 16, na lita 16 kwa bei ya Mei ni kama elfu 50. Ukitoa apu elfu 13, hesabu na matumizi, anabaki elfu tano na mia moja. Yaani masaa matatu ya ziada, usingizi umeisha, macho mekundu, na faida ya kazi yote hiyo ni shilingi mia tano. Wakati ule hakujua, kwa sababu alikuwa anahesabu hela iliyoingia na hakuwa anahesabu iliyobaki.

Cha pili, akaanza kujaza kidogokidogo. Anaingia sheli anaweka ya elfu kumi, anapiga vichwa viwili, anarudi anaweka ya elfu kumi nyingine. Taa ya mafuta ikawa inawaka kutwa. Sababu yake inaeleweka kabisa, asubuhi hana mtaji wa kujaza na hataki hela ilale kwenye tenki wakati mtoto anadaiwa shuleni. Tatizo ni kwamba kwenye magari haya pampu ya mafuta inakaa ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukiendesha kwenye taa kila siku pampu inachemka, na uchafu wa chini ya tenki unavutwa. Juni pampu ikafa, akiwa na abiria ndani, foleni ya Mwenge. Siku mbili hana kazi, pampu ya mtumba na fundi vikala akiba yote, na hesabu ya wiki ile akaipeleka nusu.

Cha tatu ndo kilimharibia zaidi. Akaanza kuwapigia abiria kabla hajaenda kuwachukua: "Unaelekea wapi? Unalipa keshi? Ongeza buku mbili basi, mafuta yamepanda." Wengine walikuwa wanaongeza, wengi walikuwa wanakata. Na yeye akiona kichwa kinaelekea asikotaka anakikata. Nyota anazopewa na abiria kwenye apu zikashuka, rikwesti zikaanza kwenda kwa madereva wengine, na yeye akawa anazunguka zaidi kutafuta abiria, yaani anachoma wese zaidi. Namwelewa, na abiria pia namwelewa, maana na yeye mshahara wake haukupanda Mei. Lakini wawili hawa walikuwa wanagombania buku mbili wakati mzigo mkubwa uko kwingine kabisa.

Kuna kitu alikikataa na kilimsaidia. Kuna vijana walikuwa wanauza mafuta kwenye vidumu kwa bei ya chini ya sheli. Zamani ungeogopa yamechakachuliwa na mafuta ya taa, ila kipindi kile mafuta ya taa yenyewe yalikuwa ghali kuliko petroli, kwa hiyo kidumu cha bei rahisi karibu hakika kimenyonywa kwenye gari au kwenye mtambo wa mtu. Aliona kesi ya polisi inamngoja, akaachana nayo.

Daftari

Mwisho wa Juni alikuja kwenye kikoba kuomba mkopo wa kulipa hesabu. Kikao kikamuuliza swali moja, kilomita moja inakugharimu shilingi ngapi? Hakuwa na jibu, na sio yeye peke yake, mle ndani hakuna aliyekuwa nalo. Tukakubaliana mkopo mdogo atapewa, lakini kwa wiki mbili aandike vitu vinne kila siku: kilomita za dashibodi asubuhi, kilomita za dashibodi usiku, kilomita alizotembea na abiria ndani, na lita alizoweka.

Wiki ya kwanza tu picha ikatoka. Kati ya kilomita 150 (zile 190 alikuwa ameshaziacha), zenye abiria zilikuwa kama 80. Sabini zilikuwa tupu. Akishusha Tabata anarudi Mwenge mtupu kwa sababu "Mwenge kuna watu". Rikwesti ikitoka kilomita nne mbali anaifuata, abiria mwenyewe anaenda kilomita tatu. Mchana saa saba hadi saa tisa anazunguka Sinza na Kijitonyama akiamini gari linalotembea linapata abiria haraka kuliko lililosimama. Kwa bei ya Julai kila kilomita inachoma kama shilingi 270, kwa hiyo kilomita 70 tupu ni karibu elfu 19 kwa siku. Bei ya lita ilikuwa imempandishia elfu tisa tu ukilinganisha na mwanzo wa mwaka, na kilomita tupu zilikuwepo tangu zamani, ila lita ilipokuwa 2,500 hazikuwa zinaonekana.

Akabadilisha mambo machache na akayashikilia:

Asubuhi anaanzia kwao, hatoki mpaka apate kichwa cha kwenda mjini. Zamani alikuwa anakimbilia Posta mtupu ili awahi.

Rikwesti ambayo abiria yuko zaidi ya kilomita mbili hachukui, isipokuwa ni safari ndefu. Na akiishachukua hakati, hapigi simu kuomba nyongeza.

Akishusha mahali anazima gari, anatafuta kivuli na kusubiri hapohapo nusu saa. Hiki ndo kilichomsumbua kuliko vyote, alisema akikaa anajiona mvivu.

Saa saba hadi tisa mchana analala au anapumzika. Gari limezimwa.

Akaanza pia kuwapa namba abiria wazuri wa asubuhi, mmoja anaenda kliniki kila wiki, mwingine ana watoto wa shule, mwingine mfanyabiashara wa Kariakoo. Polepole akapata wateja wa simu ambao safari yao inajulikana kwenda na kurudi. Hapa niseme wazi kwamba safari ya nje ya apu haina rekodi, likitokea la kutokea dereva na abiria wote hawana pa kushika, kwa hiyo alikuwa anafanya kwa watu anaowajua tu na mchana tu.

Na upepo wa matairi. Alikuwa anaendesha na matairi laini ili gari lisigonge kwenye mashimo. Akaweka upepo unaotakiwa na kuuangalia kila Jumatatu. Faida yake ni ndogo ila haina gharama.

Kilomita zikashuka hadi 115 kwa siku, 75 zikiwa na abiria. Mauzo nayo yakashuka hadi elfu 80. Apu elfu 10, mafuta ya Julai elfu 31, hesabu na matumizi elfu 30. Akabaki na elfu tisa. Ameuza kidogo kuliko Mei, mafuta ni ghali kuliko Mei, na anapeleka nyumbani karibu mara mbili ya Mei, tena saa tatu usiku yuko kwake.

Mazungumzo na mwenye gari

Mara ya kwanza aliongea na tajiri wake Mei kwa simu. "Mama, mafuta yamepanda sana, naomba unipunguzie hesabu." Mama akamjibu alivyojibu kila mtu, kwamba na yeye ana rejesho la benki na kila dereva aliyempa gari alikuwa na hadithi ya mafuta. Simu ikakatika kwa ubaridi.

Mara ya pili ilikuwa katikati ya Julai, akaenda mwenyewe nyumbani kwa mama na daftari mkononi. Alivyonisimulia ilienda hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hesabu au umekuja na maneno?"

"Hesabu ya wiki hii hii hapa yote mama. Na hili daftari naomba ulitazame."

Mama ni mtu wa ofisini, daftari alilielewa haraka. Akaona lita, akaona kilomita, akaona kile kinachobaki. Akauliza kwa nini kilomita zimepungua, akaelezwa, na hapo ndo akalainika, kwa sababu kilomita zikipungua kutoka 150 hadi 115 gari lake pia linapona: matairi, oili na breki vinachelewa kuisha. Akaanza kuliona kama jambo la gari lake pia.

Wakakubaliana, safari hii kwa karatasi yenye saini mbili. EWURA ikitangaza petroli ya Dar juu ya 3,000, hesabu ni laki moja na thelathini kwa wiki. Ikitangaza chini ya 3,000 miezi miwili mfululizo, hesabu inarudi laki moja na nusu. Hesabu inalipwa Jumamosi kabla ya saa sita bila kukumbushwa. Dereva anaandika kilomita na anabadilisha oili kwa wakati, risiti zinabaki kwenye gari. Akiumwa haruhusiwi kumpa deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, gari bila kumwambia mama.

Kwa nini mama alikubali? Nilimuuliza baadaye. Akasema dereva wa kabla ya huyu aliondoka ghafla, gari likakaa uani karibu mwezi mzima na rejesho likaendelea. Elfu 20 kwa wiki ni ndogo kuliko mwezi wa gari kusimama. Halafu akaongeza kitu nilichokipenda, kwamba dereva mwenye njaa ndiye anayeiba oili na kuuza spea, na yeye hakutaka kufika huko.

Agosti, mwezi wa bei ya juu kuliko yote, dereva alibaki na elfu kumi na mia sita kwa siku. Septemba petroli iliposhuka hadi 2,969 akafika elfu 14 na zaidi. Oktoba bei ilitangazwa tena chini ya 3,000, na kwa mujibu wa karatasi hesabu ikarudi laki moja na nusu. Aliilipa bila kuulizwa, na nadhani malipo yale yalimjengea jina kwa mama kuliko neno lolote.

Suala la gesi

Tangu Agosti 2022 kijiweni kila mtu alikuwa anasema gesi, gesi. Kufunga mfumo wa gesi asilia wa kuendeshea gari kwenye IST ilikuwa kama milioni mbili. Gesi yenyewe ilikuwa karibu 1,550 kwa kilo, na kilo moja inakupeleka karibu sawa na lita moja na nusu ya petroli. Inatoka hapahapa, Songo Songo na Mnazi Bay, kwa hiyo haikuwa inarukaruka na bei ya dunia. Kwa karatasi hakuna cha kujadili.

Kikoba kilimshauri asubiri, kwa sababu tatu. Vituo vya kujazia Dar vilikuwa vichache sana na upande anaofanyia kazi hakikuwepo. Milioni mbili kwa mkopo wakati anabaki na elfu kumi kwa siku ni kujinyonga. Na la tatu, gari sio lake: akifunga kwa hela yake na mama akaliuza gari mwezi ujao, mtungi unaondoka na gari.

Januari 2023 kikomo cha makato ya apu kikapandishwa hadi asilimia 25, kuna maumivu, ila wateja wa simu walimshikilia. Agosti 2023 petroli ikaruka kutoka 2,736 hadi 3,199 kwa tangazo moja, na Oktoba ikafika 3,281. Kipengele cha 3,000 kikajiwasha chenyewe, hakuna aliyekwenda kumlilia mwenzake. Na sasa mama ndiye aliyeanza kuongea habari za gesi.

Walifunga mwisho wa mwaka ule. Nusu alitoa mama, nusu mkopo wa kikoba kwa jina la dereva, na kwenye karatasi wakaongeza mistari miwili: gari likiuzwa au dereva akiachishwa kabla ya mwaka, mama anamrudishia dereva sehemu yake kadiri ya miezi iliyobaki. Kazi ilifanywa kwenye karakana inayotambulika na cheti cha mtungi kipo, maana ule mtungi unabeba gesi kwa mgandamizo wa bar 200 na fundi wa chini ya mwembe hana biashara hapo.

Kilomita 115 zinakula kama kilo sita na nusu, elfu kumi badala ya elfu 31. Akiba ya kwenye karatasi ni elfu 21 kwa siku. Akiba halisi ilikuwa elfu 14 hivi, na tofauti imeliwa na vitu ambavyo wauzaji wa mfumo hawakuvisema. Gari linawaka kwa petroli kwanza mpaka injini ipate moto ndo linahamia gesi, kwa hiyo petroli bado unanunua. Mtungi umekula buti, abiria wa uwanja wa ndege wenye mabegi makubwa akawapoteza. Na foleni, hapo ndo penyewe. Mchana masaa mawili, matatu, wakati mwingine mgandamizo ni mdogo unajaziwa nusu mtungi. Akahamishia kujaza saa kumi alfajiri, na akabadilisha njia zake za asubuhi ili aanzie karibu na kituo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Ukipanga kwa hela, kilichomwokoa 2022 kilikuwa kilomita tupu. Kutoka 70 hadi 40, bila kununua kitu chochote. Masaa ya ziada yalishindwa kwa sababu wese linapanda pamoja na kilomita, na saa za usiku abiria ni wachache kwa hiyo kila saa inayoongezeka ina kilomita tupu nyingi kuliko iliyotangulia. Naona madereva wengi bado wanaishi humo, wanachoka zaidi kila mwezi na wanadhani tatizo ni uvivu wao.

Kushusha hesabu kulileta elfu tatu na ushee kwa siku, ndogo ukilinganisha na kilomita. Lakini mimi nakiweka juu kwa sababu nyingine. Kabla ya karatasi ile hatari yote ya bei ilikuwa ya mtu mmoja ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mnyororo. Baada yake ikagawanywa, na kigezo ni tangazo la EWURA ambalo hakuna upande unaoweza kulichezea. Ombi la Mei lilishindwa na la Julai likapita, ombi ni lilelile, tofauti ni kwamba la pili lilikuja na namba, na hesabu kamili, na kitu ambacho mama anafaidi. Dereva asiyeandika hana cha kuonyesha na tajiri hana sababu ya kumwamini.

Kuna upungufu kwenye karatasi yao. Kigezo ni kimoja tu, 3,000. Bei ikiwa 3,010 au 3,410 hesabu ni ileile, kwa hiyo Agosti 2022 mafuta yalimuumiza dereva zaidi ya Julai na karatasi haikumsikia. Ingefaa ngazi mbili au tatu. Pia haikusema chochote kuhusu makato ya apu, na Januari 2023 mzigo ule wote ukamwangukia yeye.

Kuhusu gesi, kusubiri kulikuwa sahihi ingawa wenzake waliowahi walianza kula mapema. Aliyewahi akiwa na gari lake na kituo jirani alifanikiwa. Wawili pale kijiweni waliofunga kwenye magari ya matajiri bila maandishi, mmoja gari lilichukuliwa na mtungi ukaenda, na mkopo wa kikoba bado analipa mpaka naandika.

Kidogokidogo kwenye tenki sijui kama kinaepukika kwa mtu asiye na mtaji. Kikoba kilianzisha mfuko mdogo, mwanachama anakopa elfu 30 Jumatatu asubuhi anarudisha Jumamosi bila riba, tenki lisishuke chini ya robo. Umesaidia, na Jumanne ya kabla ya tangazo la EWURA, bei ikitarajiwa kupanda, ndo siku mfuko unaisha wote.

Hali ilivyo

Mpaka mwisho wa mkopo wa gesi dereva alikuwa anabaki na zaidi ya elfu 20 kwa siku baada ya rejesho, na mama alimaliza deni lake la benki. Karatasi yao imenakiliwa na madereva wengine wanne wa kijiwe. Wawili matajiri wamekubali, mmoja amekataa kabisa, mmoja amesema ataangalia bei ya mwezi ujao kwanza.